Hedhi Ikianza Kuyumba: Barua Zenu na Majibu Yetu

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa wanawake wa kati ya miaka 38 na 52, na moja imetoka kwa mume. Tumezifupisha na majina tumeyaondoa kama mlivyoomba.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi akishatimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Miaka inayotangulia ndiyo tunayoiita kipindi cha mpito. Mara nyingi huchukua kama miaka 4, lakini wapo wanaokipita kwa miezi michache na wapo wanaokaa nacho hadi 10. Ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai na homoni za kike, hazizimiki ghafla kama taa. Zinayumba: mwezi huu homoni ya estrojeni inapanda kuliko ilivyokuwa ukiwa na miaka 30, mwezi ujao inaporomoka, na mwezi ambao yai halikupevuka homoni ya pili, projesteroni, nayo inakosekana. Ndiyo maana ndugu watatu wa tumbo moja, mmoja atalalamikia matiti kuuma na damu nyingi, wa pili ataamka usiku amelowa jasho, na wa tatu hana habari.

Nina miaka 46. Tangu mwaka jana naamka saa nane usiku nimelowa, moyo unadunda, halafu nasikia baridi. Dukani nimepewa dawa mseto ya malaria mara nne bila kupimwa. Napata nafuu siku mbili tatu, kisha hali inarudi. Je, nina malaria sugu?
*Msomaji, Morogoro*

Dada, acha kwanza kumeza dawa mseto bila kipimo. Unachokieleza kinafanana sana na joto la ghafla la kipindi cha mpito. Huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo huenda mbio, jasho humwagika, na baada ya dakika 1 hadi 5 linaondoka likiacha mwili unatetemeka kwa baridi. Sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili huwa imekuwa nyepesi kushtuka kwa sababu estrojeni haitulii. Joto likipanda kidogo tu, ubongo unaamuru mwili utoe jasho kana kwamba umesimama juani. Ile nafuu ya siku mbili tatu inaweza isiwe ya dawa. Joto hili lina tabia ya kuja kwa vipindi na kupumzika lenyewe.

Kinachotenganisha mambo haya ni kipimajoto, nacho hakuna duka la dawa linalokikosa. Kiweke kando ya kitanda. Ukiamka umelowa, jifute kwapa, kiweke hapo mpaka kilie, kisha andika: saa ngapi, limechukua dakika ngapi, kimesoma ngapi. Fanya hivyo siku 14. Joto la mpito hukufanya ujisikie unaungua huku kipimajoto kikibaki chini ya 37.5. Kikisoma 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, na homa inatafutiwa chanzo: nenda ukatobolewe kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria siku hiyo hiyo. Kikionyesha huna, usinunue dawa ya malaria.

Yapo magonjwa mengine yanayotoa jasho usiku, na hatupendi hata moja lijifiche nyuma ya umri wako. Ukiwa na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, au nguo zimeanza kukupwaya, omba kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na pima VVU kama hujapima karibuni. Moyo ukienda mbio hata mchana umekaa kivulini, mikono ikitetemeka, unakula vizuri na bado unakonda, omba kipimo cha damu cha tezi ya shingo. Kisukari nacho kipimwe, hasa kama unaamka usiku kukojoa mara nyingi.

Vipimo vikitoka safi, anza na chumba. Lalia shuka na kanga ya pamba badala ya nailoni, weka kanga ya pili kavu karibu ili usilazimike kuwasha taa na kupekua kabati, na acha dirisha wazi huku umelala ndani ya chandarua. Chai ya moto, pilipili na pombe za usiku huamsha joto kwa wengi. Daftari lako litakuonyesha kama na wewe ni mmoja wao. Kupunguza uzito uliozidi husaidia, na kuacha sigara pia. Kama bado hulali, kuna dawa za daktari: tiba ya homoni tutakayoieleza chini, na zisizo za homoni kama venlafaksini ya miligramu 37.5 hadi 75 kwa siku, au gabapentini ya miligramu 300 usiku, inayomfaa zaidi anayesumbuliwa kitandani. Venlafaksini inaweza kupandisha presha, kwa hiyo presha ipimwe kabla na baada ya kuanza.

Usikubali kuambiwa uvumilie, itapita mwezi ujao. Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulikuta kwamba waliokuwa na joto la mara kwa mara walikaa nalo kwa wastani wa kati wa miaka 7.4, na kwa Wamarekani weusi miaka 10.1. Huo ni muda mrefu mno wa kukosa usingizi.

Nina miaka 44, watoto watatu. Hedhi inakuja kila baada ya siku 19 au 20 na inakaa siku 11. Siku ya pili na ya tatu nabadilisha pedi kila saa, na yanatoka mabonge kama maini. Mama mkwe anasema kizazi kinajisafisha kabla ya kufunga. Nikipanda ngazi ghorofa moja lazima nisimame.
*Mama watatu, Nairobi*

Mama, kizazi hakijisafishi kwa namna hii. Unapoteza damu, na kule kusimama katikati ya ngazi kunaonyesha kwamba akiba inakaribia kwisha.

Sababu ya kawaida katika umri wako ni hii: mwezi ambao yai halikupevuka, projesteroni haipo, na estrojeni inaendelea peke yake kunenepesha utando wa ndani ya kizazi. Utando unakuwa mnene kuliko kawaida, kisha unabomoka vipande vipande, leo hapa kesho pale, ndiyo maana damu haijui kukoma. Lakini damu ya namna hiyo hiyo huletwa pia na faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), vinyama vya ndani ya kizazi, mimba iliyoharibika, na saratani ya kizazi au ya mlango wake. Kwa macho haitofautishwi.

Mipaka ya kukumbuka ni hii. Damu ikizidi siku 7, ikija kabla ya siku 21 tangu siku ya kwanza ya hedhi iliyopita, pedi ikijaa ndani ya saa moja kwa saa zaidi ya 2 mfululizo, au bonge likizidi upana wa sentimita 2.5, nenda ukachunguzwe. Wewe umeipita yote. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au ikirudi baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, haina kusubiri hata kama ni doa tu kwenye chupi.

Ukifika kliniki, kipimo cha kwanza kiwe cha ujauzito. Wengi hukasirika wakiulizwa hivyo wakiwa na miaka 44, lakini mimba ya nje ya kizazi haiangalii umri. Kisha wingi wa damu: kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kisha mlango wa kizazi utazamwe kwa macho, usiridhike na kupigwa picha ya tumbo tu. Altrasaundi inafuata kuangalia faibroidi na unene wa utando. Kwa aliyefika miaka 45, au aliye chini ya hapo lakini ana uzito mkubwa, kisukari au miaka mingi ya hedhi za kurukaruka, daktari huchukua kipande kidogo cha utando kwa mrija mwembamba kikapimwe maabara. Kinauma kama hedhi kali kwa dakika chache. Kumeza ibuprofeni saa moja kabla hupunguza.

Tiba inategemea kilichoonekana. Ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku, baada ya chakula, kwa zile siku za damu nyingi tu, hupunguza damu na maumivu. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiitumie. Asidi ya traneksamiki gramu 1 mara 3 kwa siku, isizidi siku 4, hupunguza zaidi, ila haimfai aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu. Kinachofanya kazi vizuri kuliko vyote viwili kwa wengi ni kitanzi cha homoni: kinakaa kizazini miaka kadhaa na kuufanya utando ubaki mwembamba. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo huleta matone yasiyo na mpangilio, na wanawake wengi hukitoa hapo hapo, wiki chache kabla hakijatulia. Faibroidi husinyaa hedhi ikikoma, ni kweli, lakini kwako huko kunaweza kuwa bado miaka 7, na kwa kasi hii damu haitakusubiri.

Upungufu wenyewe nao utibiwe. Kidonge kimoja cha madini ya chuma, ferasi salfeti miligramu 200, kwa siku, umeze kwa maji ya ndimu au chungwa. Chai na kahawa zikae mbali kwa saa 1 hadi 2 kabla na baada, maana zinazuia chuma kisinyonywe, na hapo ndipo wengi wanapopoteza dawa zao: wanameza kidonge na chai ya maziwa ya asubuhi, kisha mwezi wa pili wanasema hakisaidii. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Tumbo likikataa, meza siku moja na kuruka moja. Damu ikishafika kiwango, endelea miezi 3 ili kujaza akiba.

Ukipata kizunguzungu unaposimama, au ukijaza pedi 2 kwa saa kwa saa 2, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Assalaam aleikum. Nina miaka 48. Zamani hedhi yangu ilikuwa siku 6. Sasa inakaa 12, inakatika siku 4, inarudi matone. Sijui lini niswali na lini niache, na Ramadhani iliyopita nilichanganyikiwa kabisa. Naona aibu kuuliza.
*Msomaji, Tanga*

Waaleikum salaam, dada. Hukumu ya swala na saumu tunamwachia mwalimu au ustadha unayemwamini, na wala si aibu: maswali ya hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, ni mlango mzima katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za ibada. Tunachoweza kukusaidia ni kumfikia ukiwa na maelezo kamili, kwa sababu atakuuliza yale yale tutakayokuuliza sisi. Chukua kalenda ya ukutani. Kila siku andika alama moja: D kwa damu nyingi, M kwa matone, T kwa tohara, yaani siku safi isiyo na damu. Ongeza rangi, nyekundu, kahawia au nyeusi, na saa damu ilipoanza na ilipokatika. Miezi 3 inatosha.

Jambo moja tu tulisisitize. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, ukomo wa juu wa hedhi ni siku 15. Wanawake wengi wakiwa ndani ya siku hizo husema basi niko salama. Hicho ni kipimo cha ibada. Kipimo cha afya ni kile tulichompa mama wa Nairobi, siku 7, na zako 12 pamoja na matone ya kurudi zinahitaji uchunguzi kama wake.

Nina miaka 49, nachoma sindano ya miezi mitatu tangu nikiwa na 41. Sijaona hedhi miaka mitano. Si ndiyo nimeshakoma? Naweza kuacha?
*Msomaji, Dodoma*

Haijulikani, na sindano ndiyo inayoficha. Wengi wanaoitumia muda mrefu hawaoni hedhi kabisa, awe na miaka 25 au 49. Ukiiacha leo kwa kudhani umekoma, yai linaweza kuamka baada ya miezi kadhaa, hata mwaka, nawe hutegemei.

Kanuni inayotumika ni hii: asiyetumia homoni, hedhi ikikatika akiwa hajafika miaka 50, aendelee kujikinga miaka 2, ikikatika baada ya 50, mwaka 1. Akifika 55 karibu kila mwanamke anaweza kuacha. Kwako tunashauri ukikaribia 50 uhame kwenye sindano, kwa sababu inapunguza uzito wa mifupa wakati ambao mifupa inaanza kupungua yenyewe. Kipandikizi, kitanzi au kondomu vinafaa. Kitanzi cha shaba kilichowekwa ukiwa na miaka 40 au zaidi kinaweza kubaki mpaka hedhi ikome, lakini kinaongeza damu, kwa hiyo hakimfai mwenye shida kama ya barua ya pili. Vidonge vyenye homoni mbili visitumike baada ya 50, na mapema zaidi kwa mwenye presha au anayevuta sigara.

Mke wangu ana miaka 50. Hasira za karibu, usingizi hana, na tendo la ndoa anasema linamuunguza kama pilipili. Rafiki kaniambia nimnunulie shabu au dawa ya kubana ili hamu irudi. Nisaidieni.
*Mume, Mwanza*

Ndugu yetu, asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Usimpelekee shabu. Lile jiwe hukausha na kuchubua, na tatizo la mke wako ni ukavu. Estrojeni ikipungua ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba, haina maji ya kutosha, inachanika vichaniko vidogo visivyoonekana. Ukiongeza shabu, ndimu, kujifukiza au sabuni ya kuoshea ndani, vichaniko hivyo vinakuwa vidonda, na vidonda ni njia ya maambukizi. Aoshe kwa maji matupu, nje tu.

Mnunue kilainishi cha maji katika duka la dawa, kipakwe kwake na kwako kila mara. Mafuta ya nazi yanateleza vizuri, lakini yanaozesha kondomu, kwa hiyo wanaotumia kondomu wayaache. Kama kilainishi hakitoshi, daktari ataandika krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni: kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Nafuu huanza baada ya wiki chache na kukamilika kwenye mwezi wa tatu, na akiacha ukavu unarudi. Mkojo wa kuunguza unaojirudia nao hupungua kwa dawa hii.

Kuhusu hasira, jaribu kuhesabu saa anazolala. Mtu anayeamka mara 4 usiku kwa joto, mwezi baada ya mwezi, atakuwa mkali bila hata homoni. Tibuni joto la usiku kwanza. Lakini ukiona wiki 2 mfululizo hana raha na chochote, halii wala hacheki, hali chakula, au anasema bora asingekuwepo, hiyo ni sonona, na huko kumpeleka kwa daktari ni jukumu lako. Kwa sasa, shika kazi za asubuhi apate saa moja zaidi ya kulala.

Nina miaka 38, miezi mitano sijaona hedhi na si mjamzito. Naambiwa nimewahi kukoma kama shangazi.
*Msomaji, Nakuru*

Dada, rudia kipimo cha ujauzito. Kikiwa hasi, pimwa homoni ya FSH (inayochochea ovari), ya tezi ya shingo na ya prolaktini (ya maziwa). Mwanamke aliyepita 45 mwenye dalili za wazi hahitaji FSH, kwani hupanda na kushuka kila wiki na humpotezea fedha. Chini ya 40 ni tofauti: ikiwa juu, hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Ikithibitika, hutaachwa hivi hivi kwa kuambiwa ni urithi. Mifupa na moyo wako vinahitaji homoni mpaka karibu miaka 51. Na kama hutaki mimba endelea kujikinga, maana ovari za namna hii huamka mara moja moja.

Wifi yangu aliyeko Uingereza ananitumia jeli ya homoni ya kupaka mkononi, nami nimepata nafuu kubwa. Lakini nesi hapa ananitisha kwamba ni saratani. Nina miaka 47, hedhi bado inakuja kwa kuruka, kizazi ninacho.
*Msomaji, Mombasa*

Nesi na wifi kila mmoja ana nusu ya ukweli. Jeli ya kupaka ni estrojeni peke yake. Mwenye kizazi akipaka estrojeni bila projesteroni, utando wa ndani hunenepa mwezi hadi mwezi na unaweza kugeuka saratani ya kizazi. Muulize wifi yako kama yeye hamezi na vidonge vingine usiku; kama ana kizazi na hana kitanzi cha homoni, bila shaka anameza, na hivyo ndivyo havikuja kwenye kifurushi. Kwa ambaye bado anaona hedhi, kawaida ni projesteroni miligramu 200 usiku kwa usiku 12 hadi 14 za kila mwezi. Kitanzi cha homoni nacho kinafanya kazi hiyo. Mweleze daktari wiki hii umepaka kwa muda gani, na kama damu imebadilika utando upimwe.

Woga wa saratani ya matiti ulienea mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI uliposimamishwa sehemu yake kabla ya muda. Wanawake wale walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, walimeza vidonge vya aina ya zamani, na saratani ya matiti iliyozidi ilikuwa kama wagonjwa 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Kwa aliye chini ya 60, au aliye ndani ya miaka 10 tangu akome, mwenye dalili kali na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi madhara. Vizuizi ni saratani ya matiti, damu ya ukeni isiyojulikana chanzo, kuganda kwa damu, kiharusi, mshtuko wa moyo na ini bovu. Jeli na kiraka cha homoni cha kubandika ngozini haziongezi kuganda kwa damu kama vidonge vinavyoongeza.

Ninaishi na VVU, natumia dawa zenye dolutegravir. Nina miaka 52. Naruhusiwa homoni? Na vidonge vya kalsiamu?
*Msomaji, Mbeya*

Homoni ndiyo, kwa masharti yale yale ya juu. Dolutegravir haigombani nazo. Efavirenzi, dawa nyingine ya VVU, ndiyo inayozipunguza nguvu kwa aliyebaki nayo. Ila kalsiamu na chuma huishika dolutegravir tumboni isinyonywe. Meza dawa yako saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada, au vyote pamoja katikati ya mlo, kamwe si kwa tumbo tupu. Tenofovir mara nyingi imo kwenye kidonge hicho hicho, na inaweza kupunguza uzito wa mifupa, kwa hiyo dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na kutembea kwa kasi nusu saa kila siku vinakuhusu zaidi ya wengine. Mlango wa kizazi upimwe kila miaka 3 hadi 5 kama kipimo ni cha HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango huo. Kama hujapimwa kwa muda huo, omba siku utakayokwenda kuchukua dawa.